Mkuu wa TEHAMA kwenye meza ya maamuzi: mwongozo wa mwaka wa kwanza

Kampuni nyingi za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha zina mkuu wa TEHAMA ambaye kwenye barua ya ajira kazi yake ni kusimamia mifumo, na kwa vitendo ni kuitwa printa inapogoma. Yuko chini ya mhasibu mkuu. Bajeti yake imepangwa pamoja na shajala na mafuta ya jenereta. Kampuni ikiamua kufungua tawi Mbeya, yeye anapata habari siku fundi anapotakiwa kwenda kuvuta waya, na mtandao wa tawi ukisumbua lawama zote ni zake.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na pia wa mkurugenzi anayetaka kumtumia vizuri zaidi. Hatua zote hapa chini zinasimama juu ya jambo moja: mkuu wa TEHAMA anapata sauti kwenye maamuzi makubwa akiifahamu njia ya pesa ya kampuni kwa undani. Mhasibu anaona hesabu, mtu wa mauzo anaona wateja, mtunza stoo anaona mzigo. Mifumo ya hao wote inapita mikononi mwako, kwa hiyo wewe unaweza kuliona agizo tangu linapotoka kinywani mwa mteja hadi pesa yake inapofika benki. Uwezo huo ukikaa bila kutumika, kampuni nzima inapata hasara.

Kama mfano nitatumia kampuni ya kusambaza bidhaa za madukani: sabuni, mafuta ya kula, vinywaji. Makao makuu yapo Dar, maghala yapo Mwanza na Mbeya. Tarakimu zake ni za kufundishia. Weka za kwako.

Hatua ya 1: Fuata agizo moja mpaka benki

Usianze na seva. Katika wiki zako za kwanza chukua agizo moja la mteja mmoja na ulifuate kwa miguu. Panda gari na mtu wa mauzo. Simama dukani umwone mwenye duka akitaja anachotaka. Angalia agizo linaandikwa wapi: kwenye daftari, kwenye simu, au kichwani. Nenda nalo ghalani, kaa pale lori linapopakiwa, rudi na dereva anaporudisha karatasi zilizosainiwa, kisha keti na karani anayeingiza ankara kwenye mfumo. Malizia kwa anayelinganisha hesabu za benki na miamala ya Lipa Namba.

Kila kituo andika mambo matatu: nani ameshika taarifa, ameipokea kwa njia gani, na imekaa kwake muda gani kabla ya kwenda mbele. Weka alama nyekundu kila mahali ambapo mtu ananakili kitu kilichokwisha kuandikwa na mwingine. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa na siku zinapopotea. Katika kampuni ya namna hii utakuta agizo moja limeandikwa upya mara nne au tano: daftari la mauzo, ujumbe wa WhatsApp kwenda ghalani, karatasi ya kupakia, ankara, na faili la Excel la mtu anayefuatilia madeni.

Usidharau hilo kundi la WhatsApp wala hilo faili la Excel. Watu wamejitengenezea njia hizo kwa sababu mfumo rasmi haukuwatosha, na zinakuonyesha kazi inavyofanyika kweli. M-Pesa yenyewe ilipata umbo lake hivyo. Majaribio yake nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Waendeshaji wa majaribio waliona watu wakiitumia kwa mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Uamuzi huo ulitokana na kutazama watumiaji wanafanya nini, na ndiyo kazi ninayokuomba uifanye hapa.

Ukimaliza, chora safari yote kwenye karatasi moja ya A4. Isiwe na jina la programu hata moja. Mpelekee mkuu wa mauzo na mkuu wa fedha, waulize wapi umekosea. Watakusahihisha, na kwa kukusahihisha watakuwa wameanza kuizungumzia kazi yao na wewe.

Hatua ya 2: Hakikisha vilivyopo vinafanya kazi

Hakuna atakayesikiliza mipango yako ya miaka mitatu kama mfumo wa ankara unalala kila mwisho wa mwezi. Tumia miezi mitatu ya kwanza kwenye hili, na usione kwamba ni kazi ndogo.

Anza kwa kujua saa moja ya mfumo kulala inagharimu nini. Tuseme kampuni yetu inatoa ankara za shilingi milioni 30 kwa siku yenye saa kumi za kazi. Hiyo ni wastani wa milioni 3 kwa saa, lakini wastani huo unaficha ukweli. Saa moja ya kulala saa nane mchana pengine haipotezi kitu, kwa kuwa ankara zitaingizwa jioni. Saa hiyohiyo ikiwa ni saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa kwenye foleni ya kupakia, inaweza kuvuruga safari za siku nzima za Kibaha na Morogoro. Kwa hiyo linda asubuhi kwanza. Masasisho na matengenezo yafanyike jioni, na kwa mashine chache kabla ya zote. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali.

Kisha intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliharibika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kuwa na watoa huduma wawili hakukusaidii ikiwa wote wawili wanapita mkongo uleule. Waulize kwa maandishi: trafiki yetu inatoka nchini kwa njia ipi, na njia hiyo ikikatika inahamia wapi? Pia kagua ni kazi gani zinaweza kuendelea bila intaneti ya nje. Kama ghala la Mwanza haliwezi kupakia lori kwa sababu tu seva iko Ulaya na mkongo umekatika baharini, hilo ni jambo la kuzungumzwa na mkurugenzi, maana linahusu mapato.

Jambo la tatu ni bakapu, yaani nakala za akiba za data, na hapa nakuomba uwe mkali. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilishambuliwa na kirusi cha NotPetya. Kirusi kilianza kusambaa kupitia M.E.Doc, programu ya kodi na hesabu iliyotumiwa na kampuni nyingi za Ukraine. Maersk ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, na hasara ilikadiriwa kufika kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zao zinazotambua watumiaji wote wa mtandao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zilifutika pamoja. Ilibaki moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale kabla ya shambulio na mashine haikuwa hewani. Kampuni kubwa kuliko zote za meli za makontena wakati huo ilijengwa upya kutokana na kukatika kwa umeme Afrika Magharibi.

Fikiria programu ya risiti za kodi iliyopo kwenye kompyuta za kampuni yako, na imeunganishwa na nini. Kisha fanya hivi:

- Weka angalau nakala moja ya bakapu mahali ambapo haijaunganishwa na mtandao wa kampuni kabisa.
- Kila robo mwaka, chagua siku, chukua mashine tupu, na urejeshe mfumo wa ankara kutoka kwenye bakapu hadi karani aweze kuprinti ankara ya jana. Pima saa zilizotumika.
- Andika saa hizo na umpe mkurugenzi. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu.

Hatua ya 3: Peleka ombi lililokwisha kuwa hesabu

Wakuu wengi wa TEHAMA wanapotezea pesa zao hapa. Wanaandika: "Tunaomba shilingi milioni 60 kwa ajili ya mfumo wa kisasa wa mauzo kwa simu, wenye usalama wa hali ya juu na ripoti za papo kwa papo." Mkuu wa fedha anasoma neno moja tu, milioni 60, na anauliza kama haiwezekani kusubiri mwakani.

Turudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Umegundua kwamba kati ya siku mzigo unapofika kwa mteja na siku ankara inapoingizwa, zinapita siku tano, kwa sababu karatasi zilizosainiwa zinarudi na lori na karani anazikusanya. Mteja haanzi kuhesabu siku zake za mkopo mpaka apokee ankara. Mauzo ya mkopo ni milioni 30 kwa siku. Siku tano mara milioni 30 ni milioni 150, pesa ya kampuni iliyolala barabarani wakati wote, mwaka mzima. Tuseme kampuni inaendesha shughuli zake kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 18. Kuiacha hiyo milioni 150 ilale kunagharimu milioni 27 kwa mwaka.

Sasa kuwa mkweli. Mfumo ni milioni 60 mwaka wa kwanza na milioni 15 kila mwaka unaofuata. Milioni 27 peke yake haiurudishi hata kwa miaka mitatu. Ukipeleka hesabu hiyo tu, mkuu wa fedha atakuambia hivyo mbele ya wote, na atakuwa na haki. Kwa hiyo endelea kutafuta. Ulipokaa na karani uliona karatasi zinazopotea: mzigo umefika, sahihi imewekwa, karatasi haikurudi, mteja hadaiwi. Mwombe mkaguzi wa ndani mpitie miezi mitatu iliyopita pamoja. Mkikuta ni wastani wa milioni 2 kwa mwezi, hiyo ni milioni 24 kwa mwaka. Jumla sasa ni milioni 51 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza unabaki na pengo la milioni 9. Mwaka wa pili, baada ya kutoa milioni 15 za uendeshaji, unabaki na 36. Pengo linazibwa ndani ya miezi mitatu ya mwaka wa pili.

Barua yako sasa inaanza hivi: "Tuna milioni 150 zinazolala barabarani na milioni 2 zinazopotea kila mwezi kwa karatasi zisizorudi. Tunaweza kuzirudisha kwa milioni 60." Mfumo utajwe aya ya tatu.

Si kila ombi linageuka kuwa pesa namna hii. Mengine yanapunguza vihatarishi: ukuta wa kinga wa mtandao hauleti mauzo. Kwa hayo, sema nini kinaweza kutokea, mara ngapi kimetokea kwa kampuni za aina yetu, na kampuni itasimama siku ngapi. Hakikisha kihatarishi hicho kimeandikwa kwenye rejista ya vihatarishi inayopelekwa bodi, kikiwa na jina la mwenye dhamana. Bodi ikiamua kukikubali bila kukilipia, iwe imeamua kwa kujua.

Hatua ya 4: Ongea kabla ya kikao

Kwenye kampuni zetu, hasa za familia, maamuzi mengi yanakuwa yameiva kabla watu hawajakaa mezani. Mkuu wa TEHAMA anayeingia kikaoni na slaidi arobaini bila kuongea na mtu atashangaa kuona kila mtu anapinga. Usimuumbue mkuu wa idara mbele ya mkurugenzi, hata kama tatizo ni la idara yake. Mfuate ofisini.

Anza na mkuu wa fedha. Swali zuri la kumfungua ni jepesi: "Mama, mwisho wa mwezi mnatoka hapa saa ngapi?" Atakueleza yeye mwenyewe mfumo unamkwamisha wapi, na ukimtatulia moja tu, hata dogo, umepata mtu atakayekutetea wakati wa bajeti. Mkuu wa mauzo muulize anapoteza mteja kwa sababu gani. Mtunza ghala muulize ni bidhaa gani mfumo unasema zipo na yeye anajua hazipo.

Kutokana na mazungumzo hayo tafuta makubaliano muhimu kuliko yote ya mwaka huu: kila mfumo uwe na mwenyewe, na mwenyewe asiwe wewe. Mfumo wa mauzo ni wa mkuu wa mauzo. Yeye ndiye anayesema ufanye nini, anayesimamia watu wake wautumie, na anayejibu bodi kama faida iliyoahidiwa imepatikana. Wewe unajibu kama unafanya kazi na kama uko salama. Miradi mingi ya TEHAMA hufa kwa sababu ilikuwa "ya watu wa TEHAMA", na hakuna mkuu wa idara aliyeumia ilipokufa.

Kuhusu nani unaripoti kwake: omba kuripoti kwa mkurugenzi mkuu, lakini usiombe siku ya kwanza. Omba kwanza nafasi ya kudumu kwenye kikao cha menejimenti cha kila mwezi, dakika kumi na ukurasa mmoja. Ukurasa huo uonyeshe saa mifumo iliyolala na kilichogharimu, miradi inayoendelea na tarehe zake, pesa iliyotumika, na uamuzi mmoja unaouhitaji kutoka kwao. Baada ya miezi sita ya kurasa hizo ombi lako litakuwa na uzito.

Hatua ya 5: Gawa bajeti ionekane

Hii ni fupi. Tenganisha pesa ya kuendesha kazi ya kila siku, pesa ya kuboresha kilichopo, na pesa ya kujaribu jipya. Ukiziweka kwenye kapu moja, kila ukataji wa bajeti utaondoa mbili za mwisho kimyakimya. Ukishazitenga, anayekata analazimika kutaja anachokata.

Orodhesha pia kila leseni na huduma ya wingu inayolipwa kwa dola. Mkuu wa fedha anahitaji kujua kwamba shilingi ikishuka kwa asilimia 10, bajeti yako inapanda bila wewe kununua chochote kipya. Na kwenye orodha hiyo utakuta leseni za watu walioacha kazi zamani. Zifute leo.

Hatua ya 6: Simamia mzabuni kama unavyosimamia idara yako

Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenda mfumo mpya kwa mkupuo, ndani ya wikiendi moja. Mfumo ulijengwa na kusimamiwa na Sabis, kampuni ya TEHAMA ya Sabadell, benki mama ya Kihispania. Jumatatu ilipofika wateja wengi hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao, na mambo hayakurudi kawaida kikamilifu hadi Desemba. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba mwaka huo. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65.

Ninaomba kila mkuu wa TEHAMA asome sehemu iliyofuata kwa makini. Aprili 2023 aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa benki hiyo, Carlos Abarca, alitozwa faini yeye binafsi: pauni 81,620. Kosa lililotajwa lilikuwa kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha benki inamsimamia mzabuni huyo ipasavyo, pamoja na kuthibitisha kwamba yuko tayari kweli. Barua ya mzabuni inayosema "tuko tayari" haikumkinga.

Kwa kampuni yetu ya sabuni na vinywaji hakuna atakayekutoza faini ya namna hiyo, ila makosa ni yaleyale. Usihamie mfumo mpya kwa mkupuo. Anza na ghala la Mbeya peke yake, mwezi usio wa sikukuu, mfumo wa zamani ukiwa bado hai. Mzabuni akisema amefanya majaribio, omba uyaone yakifanyika, kwa data yako, kwa wingi wa ankara za Desemba. Andika mapema masharti ya kurudi nyuma: ikitokea hiki na hiki kufikia saa sita mchana, tunarudi kwenye mfumo wa zamani, na mwenye kauli ni fulani. Asubuhi ya tukio si wakati wa kuanza kubishana ni nani mwenye kauli.

Mkataba nao usiachiwe mwanasheria pekee. Anajua sheria, lakini hajui kwamba nywila kuu ya seva iko kwa fundi wa mzabuni. Kabla ya kusaini, mkataba uwe na majibu ya maswali haya:

- Data ni ya nani, na tukiachana tutapewa kwa muundo upi, ndani ya siku ngapi, kwa gharama gani?
- Mfumo ukilala saa kumi na mbili asubuhi, nani anapokea simu na anatakiwa kuanza kazi ndani ya dakika ngapi?
- Nywila za msimamizi mkuu ziko kwa nani? (Ziwe kwa kampuni, kwenye bahasha au hifadhi inayofunguliwa na watu wawili.)
- Mzabuni akifunga biashara, tunapataje msimbo wa programu?
- Bei ya mwaka wa tatu imefungwa, au itapanda apendavyo?

Swali la kwanza ndilo linalowatesa watu wengi. Kampuni inatumia programu miaka sita, inataka kuhama, inaambiwa data yake itatolewa kwa bei ya mfumo mpya. Lijibiwe wakati mzabuni bado anautafuta mkataba wako.

Hatua ya 7: Taarifa za wateja ni jambo la bodi

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inazitaka taasisi zinazokusanya au kuchakata taarifa binafsi kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa anayehusika na ulinzi wa taarifa hizo. Kenya ina sheria yake ya 2019, na huko taarifa zikivuja unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Kampuni yenye wateja pande zote mbili za Namanga inabanwa na zote.

Fanya zoezi moja kabla ya kuwaita wanasheria: orodhesha mahali pote ambapo majina, namba za simu na madeni ya wateja yamekaa. Mfumo mkuu ni mwanzo tu. Kuna simu binafsi za watu wa mauzo, barua pepe za Gmail, flashi, na makundi ya WhatsApp ambayo walioacha kazi bado wamo. Orodha hiyo ipeleke kwa mkurugenzi jinsi ilivyo. Mtu wa mauzo anapohamia kwa mshindani wako akiwa na orodha nzima ya wateja kwenye simu yake, umevunja sheria na umepoteza soko kwa siku moja, na hoja ya pili ndiyo itakayofungua pochi haraka.

Hatua ya 8: Jua kusema "bado"

Mkurugenzi atarudi kutoka kwenye mkutano akitaka akili unde (AI). Usimcheke, na usikubali papo hapo. Muulize ni uamuzi gani anataka ufanywe vizuri zaidi: kiasi cha kuagiza, mteja wa kukopeshwa, njia ya lori? Akitaja kiasi cha kuagiza, nenda naye ukaangalie orodha ya bidhaa kwenye mfumo. Mara nyingi mtakuta sabuni moja ya mche imeandikwa kwa majina matano, kila tawi na lake. Hakuna programu itakayotabiri mauzo ya bidhaa ambayo kampuni yenyewe haijakubaliana jina lake. Kusafisha orodha hiyo ni kazi ya wiki kadhaa ya mtu wa ghala na kijana wako mmoja, haina sifa yoyote kikaoni, na ni lazima itangulie.

Ukishaisafisha, jaribu jambo dogo: bidhaa ishirini, ghala moja, miezi mitatu. Kabla ya kuanza, andikeni pamoja matokeo yatakayowafanya muendelee na yatakayowafanya muache. Mradi ukifika kwenye masharti ya kuacha, uache, na utangaze kikaoni pesa iliyookolewa.

Vijana wako nao wahusishe hapa. Benki na kampuni za simu zitakuchukulia wazuri, na huwezi kushindana kwa mshahara. Unachoweza kuwapa ni kuijua biashara: kila fundi akae wiki mbili ghalani na wiki mbili kwa wahasibu kila mwaka. Fundi aliyewahi kupakia lori haulizi kwa nini asubuhi mfumo usiguswe. Na usiruhusu jambo lolote lijulikane na mtu mmoja tu, hata kama mtu huyo ni wewe.

Hatua ya 9: Ukurasa wa bodi wa mwezi wa kumi na mbili

Mwaka ukiisha, omba kuingia kwenye kikao cha bodi na ukurasa mmoja. Juu weka ile ramani ya agizo ya hatua ya kwanza, ikionyesha siku zilivyokuwa na zilivyo sasa. Chini yake weka ahadi zote ulizotoa kwa shilingi, na kando ya kila moja kilichopatikana kweli, pamoja na zile ambazo hazikutimia na sababu. Kisha vihatarishi vitatu vikubwa zaidi, kila kimoja na jina la mwenye dhamana na muda uliopimwa wa kurejesha mfumo. Mwisho weka jambo moja la mwaka ujao unalotaka bodi iamue: kama kampuni inafikiria kuingia Lubumbashi au Bujumbura, sema mifumo iliyopo inaweza kubeba nini na haiwezi nini, na itagharimu kiasi gani kabla ya kodi ya ghala kulipwa.

Mpe mkuu wa fedha ukurasa huo wiki moja kabla ya kikao, azikague hesabu zake mwenyewe, na umwombe awe wa kwanza kuzungumza utakapofika kwenye tarakimu.